Paa la nyumba nalo ni swala la raia

Vijana wenzetu wa Kisangani, kutoka Makiso mpaka Mangobo, kutoka Kabondo mpaka ng'ambo ya Lubunga,

Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema juu ya barabara, umeme, maji na mishahara ya walimu. Leo tunasema juu ya kitu kiko juu ya vichwa vyetu kila siku na hakuna mutu anakipigia kelele: manjanja.

Muji wetu uko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, jua la saa sita linasimama wima juu yetu, na miezi mingine haliendi mbali. Kwa hiyo hapa Boyoma paa ndilo linakula jua kuliko ukuta. Na paa la wengi wetu ni nini? Manjanja ya kutu, bila dari, yamepigiliwa misumari karibu na kitanda.

Manjanja mapya yanang'aa, yanarudisha sehemu kubwa ya jua. Lakini mvua ya kwetu, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, haiyaachi hivyo. Kutu inaingia, bati linakuwa kahawia, kisha linameza jua. Saa saba mchana bati la namna hiyo linaweza kupita nyuzi 60. Joto lile halibaki juu: linashuka moja kwa moja kwenye kichwa cha mutoto anayesoma, kwenye mgongo wa mama aliyejifungua, kwenye dawa zilizopangwa kwenye etajeri ya kituo cha afya.

Kuko wanaosema: nunueni ventilateri. Itazunguka na umeme gani? Kiwanda cha maporomoko ya Tshopo kilianza kazi wakati wa Wabeleji, kiko na mashine tatu, na muji umekua mara ngapi tangu pale? Kila mkaaji anajua umeme unavyokuja na unavyoenda. Dawa ya joto inayongojea umeme si dawa ya masikini.

Tusidhani joto ni usumbufu tu. Kongo ni inchi ya pili duniani kwa mzigo wa malaria, nyuma ya Nigeria. Usiku nyumba ikiwa bado inachemka, watu wanafanya nini? Wanakaa nje mpaka usiku wa manane, au wanafungua dirisha, au wanakunja muskitero juu kwa sababu chini yake hakuna hewa. Mbu hana shida na mipango hiyo. Serkali na wafadhili wanagawa muskitero, na manjanja yanatufanya tuitoe. Pale shuleni, tangu masomo ya msingi yatangazwe ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Watoto wengi, bati moja, hakuna dari. Halafu tunashangaa mutoto analala saa tano ya asubuhi.

Hatuombi watu warudie majani. Nyumba ya mangongo ni baridi kweli, wazee wetu walijua, lakini majani yanaoza, yanashika moto, na kila miaka michache mutu anaanza tena. Watu walichagua manjanja kwa akili zao. Kazi yetu ni kuyafanya manjanja yasitupike.

Na hiyo inawezekana. Huko Ahmedabad, India, joto kali la mwaka 2010 liliua watu zaidi ya elfu moja. Mwaka 2013 muji ukatunga mpango wake wa kupigana na joto, na kuanzia 2017 ukaanza kupaka rangi nyeupe paa za mitaa ya masikini. Karibu zaidi na sisi, Burkina Faso, katika eneo la Nouna, watafiti walipaka paa za bati za nyumba za kawaida rangi inayorudisha jua, na ndani joto likashuka zaidi ya nyuzi moja, bila hata waya mmoja wa umeme. Nyuzi moja inaonekana kidogo kwenye karatasi. Kwa mutu mzee mwenye presha, si kidogo.

Fanyeni jaribio wenyewe. Chukua vipande viwili vya bati la zamani, kimoja upake rangi nyeupe, viweke juani saa sita. Kisha saa saba uguse vyote viwili, polepole, usichomeke. Hauhitaji lisansi kuelewa.

Kwa nyumba zetu, mambo ni haya. Kwanza, rangi nyeupe ya nje, juu ya bati lililosuguliwa kutu na kupakwa rangi ya kukinga kutu. Chokaa peke yake ni bei ndogo, lakini kwa mvua yetu haidumu, na si rafiki wa bati. Rangi nayo itachafuka, kwa hiyo ioshwe. Pili, dari, hata ya mikeka au mianzi, na nafasi ya hewa kati yake na bati. Tatu, matundu pande mbili juu ya ukuta, yenye wavu, ili hewa ya moto itoke. Nyumba za zamani za Makiso ziko na dari ya juu na barza pana. Waliozijenga walijipangia baridi, na sisi tukaachiwa joto. Nne, muti: mwembe au mwavoka upande wa magharibi, pale jua la saa kumi linapiga.

Lakini mpangaji hawezi kupaka paa la mwenye nyumba, na mwalimu hawezi kununua dari ya shule. Hapa ndipo siasa inaingia. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya makao yenye heshima. Makao yanayofukuza watu nje usiku hayana heshima.

Kwa hiyo tunadai: shule au kituo cha afya chochote kitakachojengwa na pesa ya Serkali, hapa mujini au Isangi, Opala, Ubundu na teritware zingine za Tshopo, kisipokelewe bila dari, matundu ya hewa na paa jeupe. Hiyo iandikwe kwenye mkataba mbele ya kulipa mjenzi. Shule zilizopo zipakwe, na kazi hiyo wapewe vijana wa komini yenyewe, kwa malipo. Tuko wengi na diploma mfukoni na mikono mitupu. Burashi hatuiogopi.

Na sisi tusingoje tu. Jumamosi ya salongo, kila avenyu ichague darasa moja la shule ya karibu. Tuchange rangi, tupande juu asubuhi na mapema, tupime joto mbele na nyuma, tuandike namba. Kisha tuzipeleke kwa burugumestre, kwa meya, kwa wabunge wa jimbo. Wakisema hakuna pesa, tutawaalika waje wakae saa moja, saa saba mchana, katika darasa la pembeni ambalo bado halijapakwa.