Kulabu ziwe ukingo wa juu, si mdomoni

Mwandishi, makala nzuri, ila kuchomelea kulabu kwenye mdomo wa kijiko cha mbele cha trekta hapana! Chuma kile cha kukatia udongo ni kigumu; usipokipasha moto kwanza, weldi inapasuka. Huku Mzinga fundi wetu aliziweka ukingo wa juu, akatanguliza bamba nene chini yake, waya za betri zikiwa zimetolewa na klempu ya arthi imebanwa pale pale kijikoni, maana umeme ukipitia kwenye pini unazila. Mpaka leo tunanyanyulia pampu na magogo. Na wewe ndugu uliyetoa maoni hapo juu, unayetaka kung'olea visiki kwa kulabu hizo, utapinda mikono ya kijiko bure. Visiki fungia mnyororo nyuma ya trekta, kwenye droba, lile bamba la kuvutia trela. Halafu mzigo ubebe chini chini, miteremko ya Uluguru haina utani.