Tusiwafungie Watu Njia ya Roho

Ndugu zangu wa Lubumbashi, walimu wa elimu ya siri hawakosekani mjini kwetu. Huyu anakupa kijitabu cha Rosikrusi na kukuonya usimwonyeshe mkeo. Yule anadai anaijua roho yako tangu kabla hujazaliwa, ila atakueleza ukishapanda daraja. Msiwacheke wanaowafuata. Swali la roho wanalokwenda nalo ni la kweli, na wazee wetu walilishughulikia hapahapa Katanga, kwa Kiswahili hiki hiki.

Namkumbuka Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Mwaka 1945, mji wetu ukiitwa Élisabethville, alichapisha hapa kitabu La Philosophie bantoue, na Askofu de Hemptinne hakukipenda hata kidogo. Mwaka 1953 Tempels akapelekwa Ruwe, karibu na Kolwezi, kwenye kambi ya wachimbaji wa Union Minière. Alikuwa amekwisha jifunza kuwauliza watu wanatamani nini kabla ya kuwahubiria, na majibu yao yalikusanyika katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hapo ndipo ilipozaliwa harakati iitwayo Jamaa.

Uzuri wake tuukubali bila kinyongo. Kampuni iliwahesabu watu kwa namba za kazi. Jamaa iliwaita baba na mama. Mume aliyetoka zamu na mke aliyeacha chungu jikoni walikwenda pamoja, jioni, kwa mume na mke wengine waliowatangulia, wakaketi wakafundishwa. Mwanamke hakuachwa nyumbani. Ni madhehebu mangapi ya siku hizi yanayoweza kujisifu hivyo?

Lakini mafundisho yaligawanywa njia tatu, na hukuingia ya pili mpaka waliokuzaa kiroho waridhike. Ndoto zako uliwapelekea wao, nao wakasema kama ni ishara au si kitu. Ya ndani hayakusemwa mbele ya walio nje. Hapo ndipo ninapogombana na wazee. Anayeshika ufunguo wa ndoto zako amekushika wewe mzima, hata awe mtu mwema. Kosa hili ni la zamani. Valentino, mwalimu wa Wagnostiki wa kale, alifundisha Roma katika karne ya 2, na wafuasi wake waliwagawa wanadamu mafungu matatu: wa roho, wa nafsi na wa mwili tu. Askofu Irenayo wa Lyon aliwapinga waziwazi, mnamo mwaka 180. Ingawa tuko mbali na Roma, kosa ni lile lile: kiu ya kila mtu inageuzwa cheo cha wachache.

Na cheo cha siri hakikaguliwi. Tempels alirudi Ulaya mwaka 1962, akafa mwaka 1977. Huku nyuma baadhi ya watu wa Jamaa wakatuhumiwa kwamba umoja wa baba na mama wa kiroho waliufikisha kitandani. Kweli au uzushi, nani angethibitisha, ikiwa mlango umefungwa? Miaka ya 1970 maaskofu wakadai viapo vya kuikana Jamaa. Kiapo kiliwatenga watu na kanisa lao. Hakikujibu swali hata moja.

Basi enyi vijana, mwalimu akikutaka unyamaze, mwambie ayarudie maneno yake mkeo, mama yako na jirani yako wakiwapo. Asipoweza, mwache na kijitabu chake.

Nanyi mapadri na wachungaji, msisimame pembeni mkishangilia. Mtu wa mtaa wetu wa Kenya au wa Ruashi aliyemwota marehemu baba yake usiku wa Jumamosi anatoka misani Jumapili bila kupata wa kumsimulia. Wekeni saa moja baada ya ibada, milango wazi, mume na mke wakae pamoja, na asiwepo wa kupanda daraja. Msipofanya hivyo, mwenye kijitabu anao muda wa kumsikiliza, tena Jumatatu asubuhi.