DEREVA HODARI NI YUPI, WA THIKA AU WA RUIRU?

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu ubishi ambao umekuwa wimbo wa kila siku katika mabweni yetu. Wanafunzi wa Thika husema hakuna madereva kama wa matatu za 237. Sisi wa Ruiru twasema wa 145 ndio wenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hivyo sishangai. Kinachonikera ni kipimo kinachotumiwa. Utamsikia mtu akijigamba, "Jamaa alitutoa tao akatufikisha Thika kabla sijamaliza njugu zangu!" na wenzake wanapiga makofi. Je, huo ndio ustadi?

Hebu twende kwenye reli, ile inayopita Ruiru na iliyofika Thika mwaka wa 1913. Watu wa reli nao walikuwa na majivuno yao. Katika miaka ya 1950, reli ya Afrika Mashariki ilinunua kutoka Uingereza injini 34 kubwa za mvuke, zikapewa majina ya milima yetu. Kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa kupanda mpaka Nairobi. Injini ilikuwa na madereva wake maalum, nao waliionea fahari kama mtu na ng'ombe wake. Nambari 5918, yaani Mlima Gelai, ilisuguliwa mpaka ukaweza kujitazama uso. Imehifadhiwa katika makumbusho ya reli pale Nairobi.

Lakini kung'arisha injini ni jambo moja, kuiendesha ni jingine. Treni haina usukani. Dereva wake hawezi kukwepa wala kuovateki. Gurudumu ni la chuma na reli ni ya chuma, kwa hivyo treni nzito yahitaji mamia ya mita ndipo isimame. Lazima dereva aanze kufunga breki kabla hata hujakiona kituo. Breki zenyewe hutumia upepo. Akizifunga na kuzifungua ovyo ovyo kwenye mteremko, upepo unapungua kabla haujajazwa tena, na hapo ni Mungu tu! Mabehewa nayo yana nafasi kidogo yanapoungana. Dereva akiondoka kwa pupa yanavutana, tap tap tap, mpaka la mwisho, na abiria wanagongana vichwa. Kutoka Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, reli huteremka hadi Thika, iliyo karibu mita 1,500. Kurudi ni kupanda. Anayeziweza safari zote mbili bila abiria kushtuka, huyo namvulia kofia.

Sasa turudi barabarani. Sheria za Michuki za mwaka wa 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Halafu barabara kuu ya Thika ikafunguliwa mwaka wa 2012, pana kama uwanja, na mashindano yakapata pa kuchezewa. Siku ya kufunga shule utasikia wanafunzi wakipiga mayowe, "Kanyaga, dere!" eti kwa sababu gari la wenzao limetupita. Ndani ya gari hilo mna ndugu zetu wa kidato cha kwanza.

Najua kuna watakaosema matatu ni biashara, dereva akichelewa anakosa abiria, na tajiri anangoja hesabu yake jioni. Ni kweli, siwezi kubisha. Lakini tajiri mwenyewe hayumo garini.

Basi, kama ni lazima tushindane, tutumie kipimo cha reli. Kuna mzee mmoja wa 145 ambaye nimesafiri naye mara nyingi. Mama aliyepakata trei ya mayai huketi kiti cha nyuma kabisa, wakapita matuta yote, na mama akashuka Ruiru akihesabu mayai thelathini, mazima. Watu wa Thika, leteni wenu tumwone!