Mume wangu, DVD zake na ile diski ya pili

Kama una mwenzio ndani ya nyumba, natumaini mnasalimiana. Nasema hivyo kwa sababu Januari iliyopita kwangu salamu zilikuwa zimekata. Sababu haikuwa nyumba ndogo, wala meseji ya usiku wa manane, wala mama mkwe. Sababu ilikuwa DVD.

Najua unacheka. Hata shoga yangu nilipomsimulia alicheka, akaniuliza, "DVD? Kwani bado zipo?" Zipo, mama. Njoo kwangu uzione. Baba Nuru kazipanga kwenye kabati kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, kwa alfabeti, na ole wake atakayerudisha moja pasipo pake. Tulipooana mwaka 2013 niliona ni sifa. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini kwamba wa kwangu hanywi, hachezi kamari, anakusanya sinema. Nilisema kwa maringo kabisa.

Sasa Januari si unaijua? Ada, sare, madaftari, na Luku inataka hela kama kawaida. Katikati ya hayo akaja mgeni kutoka Uingereza na mzigo wa Baba Nuru: boksi moja, diski nne ndani, risiti imesimama kwenye laki moja na themanini. Nikasema maneno ambayo mtu mwenye digrii ya mawasiliano hapaswi kuyasema: "Chagua. Mimi au hayo makopo yako." Alinitazama, akachukua shuka, akaenda kulala sebuleni. Na makopo yake.

Nikaamua kuhesabu

Jumamosi alipotoka nikashika daftari na kalamu. Nilitaka ushahidi. Zilikuwa 412. Kati ya hizo, 137 zilikuwa bado zimo kwenye nailoni, hazijawahi kufunguliwa. Damu ilinichemka. Jioni nikamwekea karatasi mezani, nikasubiri agombe. Hakugomba. Alisema taratibu tu, "Mama Nuru, wewe si mwandishi? Mbona hujauliza swali hata moja?"

Ilinichoma, sikufichi. Basi nikamhoji, na mpenzi msomaji, nikagundua kwamba miaka yote ile sikujua mume wangu anafanya nini pale mbele ya televisheni.

Mimi ni mtazamaji wa aina moja. Stelingi akishinda, wapenzi wakikutana, majina yakianza kupanda, nazima. Kumbe watu wa diski sinema ikiisha ndio wamefika nusu. Ndani ya diski kuna nyongeza: vipande vilivyokatwa, namna sinema ilivyotengenezwa, na ule wimbo wa sauti ya pili ambapo mwongozaji au mtaalamu anaongea juu ya sinema nzima tangu mwanzo hadi mwisho.

Na kuna utaratibu. Mara ya kwanza sinema inatazamwa yenyewe, bila kugusa nyongeza, maana zile za jinsi ilivyotengenezwa zinamwaga siri zote, hata nani anakufa. Kisha wanaiacha siku mbili tatu ikae kichwani. Ndipo wanafungua vipande vilivyokatwa. Baba Nuru anasema hapo ndipo unapojifunza zaidi, kwa sababu mara nyingi kipande kinakatwa si kwa ubaya wake, ila kwa kuwa kinaichelewesha hadithi. Sauti ya mwongozaji inawekwa mwisho, kwa mtu ambaye sinema ameshaijua.

Nikamuuliza lile boksi la laki moja na themanini. Ndani kuna ile sinema ndefu ya The Lord of the Rings, sehemu ya kwanza, toleo refu lililotoka mwaka 2002. Diski mbili za sinema, mbili za nyongeza. Sinema yenyewe ni dakika 208, na ina nyimbo nne tofauti za maelezo: mwongozaji na waandishi, wabunifu, mafundi wa utengenezaji, na waigizaji. Nilipiga hesabu pale pale. Ukiitazama mara moja kawaida, kisha mara nne na maelezo, ni zaidi ya saa 17, na diski mbili za nyongeza hujazigusa. "Sasa utazipata wapi saa hizo na wewe unarudi saa mbili usiku?" Akanyamaza. Halafu akasema kitu ambacho ndicho kilichonilainisha: "Sizipati. Ndiyo maana zimo kwenye nailoni. Nanunua nikidhani nanunua na muda."

Wangapi tuko hivyo? Mimi nina vitambaa vya kitenge vitano kwenye sanduku vinasubiri fundi. Nina vitabu. Sikuwa na mdomo wa kusema.

Kumbe mambo haya tunayajua

Nikamwuliza, raha iko wapi kusikia mtu anaongea juu ya sinema? Akacheka. "Umesahau Lufufu?" Kweli bwana. Sisi tuliokulia karibu na vibanda umiza tulimsikia Lufufu akiitafsiri sinema ya Kihindi au ya mapigano kwa Kiswahili, akitia chumvi yake, akimwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Wako watu walioingia kibandani kwa ajili ya sauti, sinema ikawa kisingizio.

Ya Wazungu ilianza kivyake. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa sinema ya King Kong ya mwaka 1933 kwenye LaserDisc, diski pana ya sentimita 30 kama sahani ya santuri. Diski ile ilikuwa na nafasi ya wimbo wa sauti wa ziada. Badala ya kuiacha tupu, wakamweka mtaalamu wa filamu anayeitwa Ronald Haver aisimulie sinema ikiwa inaendelea. Ndiyo ikawa mwanzo. DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, nyongeza zikawa ndio kivutio cha kumfanya mtu anunue tena sinema aliyokwisha kuiona.

Halafu akanisimulia habari ya Roger Ebert. Huyu alikuwa mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, na alirekodi maelezo ya DVD za Citizen Kane na Casablanca. Ni kazi ambayo mtu kama mimi nisingeisikiliza hata kwa kulipwa. Mwaka 2006, baada ya saratani na operesheni nyingi, Ebert akapoteza uwezo wa kuongea kabisa. Kampuni moja ya Edinburgh, Scotland, iitwayo CereProc, ikachukua rekodi zake, yakiwemo yale maelezo ya kwenye DVD, ikamtengenezea sauti ya kompyuta inayofanana na yake mwenyewe. Machi 2010 akaisikilizisha dunia kwenye kipindi cha Oprah Winfrey, mkewe Chaz akiwa pembeni yake. Alifariki mwaka 2013.

Nikawa kimya. Maneno ambayo wengi waliyaruka ndiyo yaliyomrudishia mtu sauti mbele ya mkewe.

Kopo lisilo na picha

Sasa nikuambie lililotokea. Nilipokuwa nahesabu, kwenye herufi H nilikuta kopo jeupe lisilo na picha, limeandikwa kwa kalamu ya wino, "Harusi yetu, 1 na 2". Diski ya kwanza naijua, nimewaonyesha wageni hadi wakachoka. Ya pili sikuwahi kuiweka kwenye deki. Mpiga video alituambia ni mabaki, vitu alivyovikata, na mimi nikasema atupe. Baba Nuru akaiomba, akaiweka kwenye kabati. Kwa alfabeti.

Usiku ule tukaiweka. Ilikwaruza kidogo, ikagoma, ikakubali. Mabaki kweli: miguu ya watu, shangazi anatafuta kiatu, keki inaingizwa mlangoni. Kisha sendofu, baba yangu anashika kipaza sauti. Hotuba yake ipo diski ya kwanza, imepangwa vizuri na muziki chini. Hii ilikuwa kabla ya hotuba. Anakipiga kipaza sauti kidole, anauliza, "Hiki kinawaka?" Anakohoa. Anamgeukia mpiga video, anamwambia, "Kijana, wewe umekula? Tangu asubuhi nakuona umesimama. Mama fulani, mpeni huyu kijana sahani." Basi. Sekunde ishirini labda.

Baba alifariki mwaka 2020. Hotuba yake naijua kwa moyo, lakini hotuba si baba yangu. Baba yangu ndiye yule anayeuliza kama kijana amekula. Aliyeikata hakukosea, ilikuwa inaichelewesha hadithi. Na mimi ningekuwa nimeitupa. Aliyeitunza ni mwanaume niliyemwambia achague.

Nililia, naye alilia, hatukuambiana kitu. Asubuhi shuka lilirudi chumbani.

Tulichokubaliana

Usidhani ada ilijilipa kwa machozi. Tulikaa tukapanga, na ninakupa mpango wetu, kwa sababu hata kama mwenzio hakusanyi DVD, anakusanya kitu.

Kwanza, hainunuliwi mpya mpaka moja ya kwenye nailoni ifunguliwe na itazamwe yote, na nyongeza zake, tukiwa wawili. Ijumaa ndiyo siku yetu. Mimi nilidhani ni adhabu kwake, kumbe yeye anaiona zawadi.

Pili, zile ambazo mwenyewe alikiri hatazitazama ziuzwe. Tuliuza 60 kwa bei ya kutupa. Zilitosha viatu na sare, hazikutosha ada. Ada tulikopa kwenye kikoba changu, na marejesho analipa yeye kutoka kwenye fungu lake la diski.

Tatu, kabla ya kununua cha nje, soma namba ya kanda. Afrika sehemu kubwa ni kanda ya 5, Marekani ni ya 1, na deki isiyofunguliwa kanda zote itaikataa diski ya binamu yako wa Marekani. Tunazo tatu za namna hiyo, ni mapambo tu.

Nne, na hii ni kwa kila mwenye DVD ya harusi: ile si kama diski ya dukani. Diski ya dukani inapigwa muhuri kiwandani. Ya harusi imechomwa kwa mashine kwenye rangi nyepesi ambayo joto na jua vinaichosha mapema zaidi. Isimamishe, usiilaze chini ya nyingine. Ishike kwa ukingo. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usiizungushe. Na wiki hii hii mpelekee kijana wa kompyuta akunakilie sehemu mbili tofauti, na akunakilie diski zote, hata ile ya mabaki.

Kuna atakayesema siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Sawa. Netflix yenyewe ilianza mwaka 1998 kwa kutuma diski kwa posta, na huduma hiyo ikafungwa Septemba 29, 2023. Lakini sinema ya mtandaoni mkataba ukiisha inaondoka bila kuaga, bando likiisha inasimama, na nyongeza mara nyingi hazimo. Sikwambii ununue deki. Nakwambia ujue kwamba mwenye kabati ana sababu yake, nenda ukamwulize kabla hujamwambia achague.

Ijumaa iliyopita tulimaliza wimbo wa kwanza wa maelezo kwenye lile boksi. Bado mitatu. Nilisinzia katikati, nikaamka nikamkuta amesimamisha sinema, ananisubiri. Nikamwambia endelea. Akasema hapana, hapa wanaeleza jambo zuri, utalikosa.

Tukutane mwezi ujao. Mpaka hapo, msalimie mwenzio.