Jasho la Ndugu Nalo Ni Gharama

Mgahawa wa Noma jijini Copenhagen, Denmark, ulifunguliwa mwaka 2003 na umetajwa mara 5 kuwa bora duniani. Mteja alilipa mamia ya euro na kuletewa vyakula vidogo vidogo, sahani baada ya sahani. Lakini Januari 2023 mpishi wake mkuu, René Redzepi, alitangaza kuwa utaacha kuhudumia kwa utaratibu huo, kwa kuwa haujiendeshi. Miezi michache kabla, ulikuwa umeanza kuwalipa wanagenzi wa jikoni, ambao awali walifanya kazi bure.

Sisi wa Magara na Rumonge tujitazame hapo. Anayevusha mawese au ndagala mpakani huhesabu mtaji, nauli na ushuru. Dada aliyeanika ndagala, mpwa aliyebeba magunia na siku ya kungoja mpakani havimo hesabuni. Tutaambiwa undugu haulipwi. Basi siku mpwa akiondoka, nani atabeba?

Ndugu mfanyabiashara, andika ujira wao kabla ya kupanga bei. Hesabu ikikataa, afadhali ujue leo, mtaji ungali mkononi.