Ushindi wa Kuazima

Wapo vijana, na mpwa wangu ni mmoja wao, wanaoshikilia kwamba katika gemu ya Black Myth: Wukong mtu hajamshinda bosi mpaka ampige kwa fimbo yake mwenyewe. Atakayetafuta chombo cha kumdhoofisha adui, eti huyo ameazima ushindi. Nimeyasikia maneno haya sebuleni kwangu usiku baada ya usiku, nami nasema ni upuuzi. Tena ni upuuzi wenye madhara.

Kwa msomaji ambaye hajashika pedi maishani mwake, nieleze kidogo. Gemu hii ilitengenezwa na kampuni ya Kichina iitwayo Game Science, ikatolewa tarehe 20 Agosti 2024, na katika siku tatu ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 10. Mchezaji ni nyani kijana anayefuata nyayo za Sun Wukong, Mfalme wa Nyani, yule wa riwaya ya Safari ya Kwenda Magharibi iliyoandikwa China katika karne ya 16. Kila hatua humkutanisha na bosi, yaani jini au mnyama mkubwa aliyeziba njia. Hakuna mahali pa kuchagua vita rahisi au vigumu. Ukiuawa unarudishwa kwenye kaburasi la ubani, unatembea tena, unauawa tena.

Mpwa wangu aliuawa na Bwana wa Upepo wa Manjano, bosi wa sura ya pili, mara nyingi mno hata nikaacha kuhesabu. Jini huyo huvumisha dhoruba ya mchanga, ukawa humwoni wala hujui pigo litokako. Na kumbe katika sura hiyohiyo, kando ya njia kuu, yupo nguruwe mlevi mwenye shida zake. Anayesimama kumsikiliza na kumpatia anachotaka hufunguliwa njia ya siri, na mwisho wa njia hiyo, baada ya kupigana na mdudu mkubwa ajabu, hupata chombo cha kutuliza upepo. Ukikitumia, dhoruba inakatika. Nilimwambia. Akanijibu, "Mjomba, hiyo ni njia ya waoga."

Njia ya waoga! Basi na tumwulize Wukong mwenyewe. Katika riwaya, jini huyu alimpulizia upepo Mfalme wa Nyani mpaka macho yakamwuma, ikabidi apakwe dawa na mzee aliyemkaribisha kwake. Kisha je, alirudi kupiga kichwa ukutani? La hasha. Alijigeuza mbu, akaingia pangoni kusikiliza, akamsikia jini akitaja kwa kinywa chake mtu mmoja tu anayemwogopa, naye ni Lingji. Wukong akafunga safari, akaenda kumwomba Lingji, na jini akakamatwa. Akadhihirika kuwa mnyama mdogo wa manyoya ya manjano aliyeiba mafuta katika taa ya Buddha.

Au tazama habari ya yule jini mwenye macho mengi mbavuni, yatoayo nuru ya dhahabu. Nuru ile ilimbana Wukong hata akajigeuza kakakuona, akachimba chini ya ardhi ndipo akatoroka. Alipotokeza juu, mwili mzima unauma, alilia. Naam, shujaa aliyelivuruga Kasri la Mbinguni alikaa kando ya njia akalia! Mwanamke aliyepita ndiye aliyemwelekeza kwa Pilanpo, ambaye aliimaliza nuru hiyo kwa sindano moja ndogo. Sindano hiyo imo ndani ya gemu, imefichwa katika mlima wa pembeni. Watengenezaji walikisoma kitabu chao vizuri kuliko wanaowasifia.

Sasa niseme kwa nini jambo la mchezo limeniudhi kiasi hiki. Katika majuma yaleyale mpwa wangu alikuwa ameachishwa kazi, na hakumwambia mtu. Kila asubuhi alivaa shati lake lililopigwa pasi, akaaga, akaenda kukaa nisikokujua mpaka jioni. Miezi mitatu! Nami nina marafiki ambao ningewapigia simu siku ya kwanza. Nilipogundua, jibu lake lilikuwa karibu sawa na lile la nguruwe: alitaka kujikwamua mwenyewe kwanza, ndipo aseme.

Sisemi gemu ndiyo iliyomfundisha hivyo. Kiburi hiki tunacho sisi wanaume tangu kabla ya umeme, na mimi mwenyewe nimewahi kukilipia. Lakini linaniuma kuona kisa cha kiumbe aliyejua kuomba kikigeuzwa kuwa bendera ya wasioomba. Watengenezaji nao nawalaumu kidogo, maana wameificha misaada hiyo mno. Mtu anaweza kuipita yote, akamaliza gemu akiamini kuwa Mfalme wa Nyani alikuwa fimbo na misuli tu.

Hatimaye alimtafuta nguruwe. Dhoruba ikatulizwa, jini akafa, nami nikapiga makofi. Dakika tano hazikupita akasema ataanza upya, safari hii bila chombo, ili ushindi uwe halali. Tukabishana mpaka umeme ukakatika.