Ujira wa Bawabu

Katika mji wa Mombasa majumba ya ghorofa yamezidi kuota Kizingo, Tudor na Ganjoni, na mengi ni mali ya Waislamu. Kila lango lina bawabu wake. Yeye ndiye afunguaye usiku wa manane, apandishaye mitungi ya gesi, awapokeaye watoto watokapo chuoni. Muulize apata ngapi kwa mwezi. Wako watakaokujibu: elfu kumi, na wengine hata hiyo hawaioni.

Haya, natuhesabu. Kwa amri ya Novemba 2024 Serikali ya Kenya ilipandisha kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 6. Mlinzi wa usiku wa Mombasa au Nairobi, aliyekuwa na haki ya shilingi 16,959 tangu 2022, akafikia 17,976. Ukiongeza posho ya nyumba, asilimia 15, zatimia kama 20,670. Na hicho ni kima cha chini, si ukarimu!

Sasa mtazame bawabu wa elfu kumi akaaye Likoni. Feri haimtozi apitaye kwa miguu, alhamdulillahi. Chumba kimoja, tuseme 3,500. Matatu, tuseme 100 kwa siku, ni 3,000 kwa mwezi, maana hana siku ya kupumzika. Zabaki 3,500 za chakula, karo na dawa, yaani shilingi 116 kwa siku. Akishanunua unga, mboga ataipata wapi? Naye akesha masaa 12 kila usiku, masaa 84 kwa wiki, ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 yampa siku moja ya mapumziko katika kila saba.

Wenye majumba husema wapangaji hawataki kuongezewa. Jumba la nyumba 40 lenye mabawabu wawili, kila mmoja akilipwa haki yake kamili, ni shilingi 1,034 tu kwa kila nyumba. Ziko nyumba humo zimalizazo zaidi ya hizo kwa soda za Ijumaa moja.

Wengine husema, "Mwenyewe amekubali." Amekubali kwa njaa! Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan mkimbizi, hana jamaa wala chakula, angeliweza kutumikishwa bure. Lakini katika Suratul Qasas twaona yule mzee alimtajia muda na malipo, akamwambia hataki kumtia mashakani. Na Bukhari amepokea kwamba mwenye kumtumia kibarua kisha akamnyima ujira wake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama.

Wala tusijifiche nyuma ya futari na kanzu ya Idi. Hata Zaka haihesabiwi kuwa ujira. Wanavyuoni wamelieleza hilo zamani. Basi mkutano wa jumba ukiitwa kuzungumza pampu ya maji na rangi ya ngazi, na aulizwe tajiri mbele ya wote: yule aliyeko langoni atudai kiasi gani?